Maziwa ya Safu ya Kulia

Watu wa rika langu wanapoikumbuka maabara ya hospitali yetu, huikumbuka kwa heshima ambayo mimi sijaweza kuwa nayo. Husema kwamba huko ndiko tulikojifunza usafi, na huko ndiko tulikoona kwa macho yetu kwamba homa ina mdudu wake na mdudu ana umbo lake. Ni kweli. Mimi pia nilijifunza huko kunawa mikono mpaka kwenye viwiko, kuandika kwa herufi ndogo zisizotetemeka, na kutosema “labda” juu ya jambo ninalolijua. Lakini nilijifunza na jambo jingine, na kwa kuwa sijamsikia mtu akilisema, naliandika mwenyewe kabla sisi tulioshuhudia hatujaisha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Mji ulikuwa bado na jina la Mzungu katika karatasi za serikali, ingawa sisi tulisema Kisangani kama walivyosema baba zetu. Nilikuwa msichana niliyetoka mikononi mwa masista, mwenye Kifaransa cha kutosha kupokea amri na kuomba msamaha. Maabara ilinichukua kwa sababu moja tu: akina mama hawakupenda mtoto wao ashikwe na mwanamume wakati wa sindano. Kazi yangu ikawa kushika mikono. Nilishika mkono wa mtoto, daktari akatoa damu, kisha nikaibeba mirija ya kioo hadi chumba cha nyuma, ambako mashine iliizungusha mpaka wekundu ukatuama chini na maji ya manjano yakabaki juu. Hayo maji ya manjano ndiyo yaliyotafutwa. Ndani yake, waliniambia, mlikuwa na ushahidi wa kile ambacho mtoto alikula na kile ambacho hakula.

Daktari aliyeongoza kazi hiyo alitumwa na chuo kikuu cha kwao, Ulaya. Hakuwa mtu mbaya. Alipiga magoti sakafuni ili asikilize kifua cha mtoto badala ya kumwinua mtoto hadi kwake, na hakuwahi kumfokea mwanamke yeyote mbele yangu. Naliandika hili makusudi, maana wasomaji wa siku hizi wanapenda Mzungu wa hadithi awe na fimbo mkononi. Fimbo inawapunguzia kazi ya kufikiri.

Ugonjwa aliokuja kuuchunguza tuliujua sote. Mama anapata mimba nyingine, mtoto anaachishwa ziwa mapema, anapewa muhogo asubuhi na muhogo jioni. Miguu inavimba. Nywele zinanyooka na kupata rangi ya kutu. Ngozi inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Kisha mtoto anaacha kucheka, na hapo ndipo mama anapoogopa. Bibi zetu walisema ni wivu wa yule aliye tumboni. Daktari alisema ni ukosefu wa chakula kinachojenga mwili, akataka kuhakikisha kama maziwa ya unga, yaliyotolewa mafuta, yangetosha peke yake kumrudisha mtoto wa namna hiyo. Kama yangetosha, alisema, serikali ingelazimika kuyapeleka katika kila zahanati ya mto.

Daktari na wasaidizi wake walipewa ukumbi mrefu uliopakana na maabara. Vitanda vilipangwa safu mbili zilizotazamana. Watoto wa safu ya kulia walikunywa maziwa mara tatu kwa siku. Watoto wa safu ya kushoto walikula kama nyumbani, lituma, yaani ndizi za kuponda, au muhogo na sombe, majani yake, pamoja na matone ya vitamini, ili mtu asiseme kwamba wameachwa bure. Dawa za homa na za minyoo walipewa wote sawasawa. Daktari alinieleza kwamba safu zilitazamana kwa sababu ya madirisha: alitaka pande zote mbili zipate mwanga ule ule. Alifikiria mwanga. Hakufikiria macho.

Nani angekwenda kulia na nani kushoto, hilo halikuamuliwa na mtu. Daktari aliweka vifungo vya nguo ndani ya kofia yake, vyeupe na vyeusi, na kila mama alitoa kimoja bila kutazama.

Dada yangu mkubwa alikuja kutoka Yanonge, alikoolewa, akiwa na binti yake wa miaka mitatu mgongoni na tumbo la mimba mbele. Ni mimi niliyemwita. Mtoto alikuwa amevimba usoni hata macho yakawa mistari miwili, na nilipomsalimu hakugeuza kichwa. Dada alitia mkono ndani ya kofia, akatoa kifungo cheusi.

“Nyeusi iko ya nini?” akaniuliza.

“Ni upande wa kushoto, yaya. Chakula bila maziwa.” Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa.

“Bon, nairudisha. Natosha ingine,” akasema, mkono tayari kuingia tena ndani ya kofia.

“Hairudishwi.”

“Juu ya nini? Kofia iko yake, bouton iko yake. Nani atamugombeza?”

Daktari aliuliza anasema nini, nikamtafsiria. Alitabasamu. “Mwambie nikimruhusu yeye, itabidi niwaruhusu wote, na hapo kofia haitakuwa na kazi.”

“Basi aivae,” dada akasema, akaenda kushoto.

Kitanda kilichotazamana na chake kilikuwa cha mke wa mvuvi mmoja wa maporomoko, mwanamke mpana aliyezoea kuongea kwa sauti ya kushinda kelele ya maji hata pale pasipokuwa na maji. Mwanawe wa kiume alikuwa mgonjwa kama wengine, kwa maana samaki wa baba yake walipanda mjini kila asubuhi kuuzwa, na nyumbani kulibaki muhogo. Siku ya kwanza ile ile, muuguzi alipogawa maziwa na kutoka, sauti yake ilivuka ukumbi.

“We, mama ya Yanonge! Mutoto yako anatazama mutoto yangu mupaka maziwa inakwama kwa shingo. Leta kopo, mbele hajanimezea mutoto.”

“Iko maziwa gani hiyo?” dada akauliza. “Inanuka kama chokaa.”

“Ngombe ya Wazungu haikule majani, inakula poudre, unga mutupu. Leta kopo, nasema!”

Wanawake wakacheka, na dada akapeleka kopo. Mke wa mvuvi akamimina nusu. Akapima kwa jicho, akaongeza kidogo.

Asiyetoka kwetu anaweza kudhani huo ulikuwa ukarimu wa mtu mmoja. Sivyo. Katika ua wa ukoo, watoto wote walikula katika sinia moja, wa huyu na wa yule, na mama aliyepika siku hiyo hakutenga cha mwanawe. Mtu mzima aliyekula ndani peke yake, mlango umefungwa, watu waliulizana anakula nini, na hawakumaanisha chakula bali watu. Kumnywesha mwanao mbele ya mtoto mwenye njaa na kuyazuia macho yako yasimwone, hilo lilikuwa jambo la walozi. Baada ya siku chache, kila mama wa kulia alikuwa na mwenzake wa kushoto. Hakuna mkutano uliofanywa wala neno lililosemwa. Muuguzi alipotoka tu, makopo yalivuka, na aliporudi alikuta midomo myeupe imekwisha kupanguswa kwa ncha ya kikwembe.

Mimi niliona. Sikuona aibu wakati ule na sioni leo. Binti ya dada yangu alianza kufungua macho.

Chumba cha nyuma, hata hivyo, kilikuwa na huzuni. Wiki baada ya wiki maji ya manjano ya safu mbili yalitoa majibu yale yale: pande zote zilipanda kidogo, kwa uvivu, pamoja. Daktari alishuku mirija, akaamuru ichemshwe upya. Alishuku mashine, akaifungua na kuifunga. Alishuku joto letu, kisha makopo ya maziwa, akayaonja mwenyewe kwa kijiko. Mwishowe nilimsikia akimwambia msaidizi wake mkuu kwamba huenda maziwa hayana nguvu kuliko muhogo, na kwamba atalazimika kuandika hivyo.

Msaidizi huyo mkuu alikuwa mwenzetu, mweusi kama mimi, mwanamume aliyevaa tai hata siku za joto kali na ambaye serikali ilikuwa imempa kadi ya mtu aliyestaarabika. Alisoma sana, vitabu vyangu vya kwanza vya kweli niliazima kwake. Alinikuta nikiosha mirija.

“Wanagawana,” akasema. “Nimesimama nyuma ya dirisha, nimeona. Na wewe umejua.”

“Nimejua.”

“Hawa wanawake wanatuharibia kazi.”

“Wanaharibu nini, tonton? Watoto wanapona.”

“Wanapona nusu. Wote nusu. Unafikiri ni huruma?” Aliongea kwa sauti ya chini, nami nakiri kwamba sauti ile haikuwa ya mtu anayejipendekeza. “Akiandika kwamba maziwa si kitu, hayatakuja. Si Isangi, si Basoko, si kwenu Yanonge. Muhogo utabaki muhogo. Wao wanagawa kopo, na kwa kuligawa wanalimwaga kopo la watoto wasiozaliwa bado.”

“Basi mwambie daktari ampe kila mtu kopo lake.”

“Na huko Ulaya watauliza: umejuaje kwamba ni maziwa?”

Tangu siku ile nimesoma vitabu vingi vilivyoandikwa na watu wenye akili kuliko sisi wawili, lakini jibu sijalipata. Alichosema kilikuwa kweli. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Ningependa kusema kwamba alikwenda kuwasaliti wanawake ili apandishwe cheo; lakini alikwenda kwa daktari kwa sababu aliupenda ukweli, na ukweli ulikuwa upande wake.

Daktari hakukasirika. Alicheka kwanza, akajipiga paji la uso, kisha akafanya haraka. Mchana ule ule mafundi walisimamisha ukuta wa mikeka katikati ya ukumbi, kutoka mlango hadi mlango. Akina mama waliitwa mbele ya maabara, nami nikaitwa nisimame kando yake. Alisema sentensi moja moja na kuningoja.

“Maziwa haya ni dawa,” alisema. “Dawa haigawanywi.”

Nikatafsiri.

“Hakuna atakayevuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine.”

Nikatafsiri.

“Mama atakayempa mtoto wa upande wa pili maziwa, mtoto wake mwenyewe ataondolewa katika safu ya maziwa.”

Dada yangu alikuwa mbele yangu, mtoto mapajani. Nililitafsiri neno kwa neno. Kulilainisha kungekuwa uongo, na ambaye angelipia uongo huo ni mtoto wa mama ambaye angeniamini. Mke wa mvuvi aliinua mkono kama mwanafunzi.

“Niulize, mama. Maziwa iko ya mutoto ao iko ya labo?”

Daktari alilifikiria swali hilo kwa uaminifu, sijui kama mtu mwingine angelifikiria hivyo. “Ni ya mtoto,” akajibu, “kwa idhini ya maabara.”

“Aa! Basi na titi yangu, niiombee ruhusa?”

Walicheka wote, kulia na kushoto, hata mama mmoja wa pembeni, upande wa kushoto, ambaye mtoto wake alikuwa mgonjwa kuliko wote. Sikuwasikia tena wakicheka pamoja.

Mikeka haizuii sauti. Asubuhi iliyofuata maziwa yalipogawiwa, upande wa kushoto ulisikia vijiko vikigonga makopo. Binti ya dada yangu aligeuza kichwa kuelekea mkekani akangoja, mdomo wazi. Aliendelea kungoja hivyo kwa siku kadhaa, kila vijiko vilipolia. Siku ya kwanza mke wa mvuvi alipaza sauti yake kutoka ng'ambo, akisema kwamba mvua ya jana ilikuwa kubwa, kwamba mume wake amepoteza mtego mmoja kwa maji. Dada hakumjibu. Siku ya pili mke wa mvuvi hakupaza sauti tena. Nilipopita upande wa kulia na mirija yangu, nilimkuta anamnywesha mwanawe akiwa ameelekea ukutani, na mgongo wake mpana wote ulikuwa kwangu.

Dada alinivuta kikwembe, akaniita leki, kama mkubwa anavyomwita mdogo wake.

“Leki, wewe iko mukubwa hapa ao iko mutumishi?”

“Mtumishi, yaya.”

“Basi iba, sawa watumishi wanaiba.”

Ningeiba. Lakini makopo ya unga yalikuwa chini ya ufunguo wa sista aliyesimamia ukumbi, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwake pamoja na rozari. Nilikwenda Makiso, katikati ya mji, katika duka la Mgiriki, nikanunua kopo la maziwa mazito matamu, yale waliyotia wafanyakazi katika chai. Sista alilipata chini ya mkeka jioni ile ile. Hakunigombeza. Alinirudishia kopo mlangoni na kuniambia nikanywee chai nyumbani. Siku iliyofuata baba wa mtoto mwingine wa kushoto alizuiwa langoni na samaki wake wa kukaanga. Chakula cha nje hakikuruhusiwa tena kwa safu yoyote.

Nikamwendea daktari, nikasimama mbele ya meza yake kama tulivyofundishwa kusimama, nikamwomba amhamishe binti ya dada yangu.

“Siwezi,” akasema. “Lakini nakuahidi. Tofauti ikionekana wazi, siku hiyo hiyo nitafungua makopo kwa wote.”

“Na isipoonekana?”

“Basi maziwa hayana faida, na dada yako hajapoteza kitu.” Alinitazama kwa upole. “Anaweza kumchukua mtoto wake akitaka. Hapa si gereza.”

Hoja hiyo haikuwa na ufa. Nimeitazama pande zote kwa miaka mingi. Dada angekwenda wapi na mtoto? Kwenye muhogo ule ule, bila dawa za homa, mbali na maziwa ambayo kesho au kesho kutwa yangefunguliwa kwa wote. Alikaa. Alikaa na kungoja tofauti ionekane, yaani alingoja mtoto wake azorote vya kutosha ili aokolewe. Sijui kama daktari aliwahi kulisikia jambo hilo likisemwa hivyo. Mimi sikulisema, Kifaransa changu hakikufika huko.

Mtoto alizorota. Nilipobonyeza mguu wake kwa kidole gumba, shimo lilibaki kama katika udongo wa mfinyanzi. Mishipa ilijificha, damu ikaja polepole, na mtoto hakulia tena kwa sindano, jambo ambalo msaidizi mkuu alilisifu kwa kudhani ni ushujaa. Ngozi ya mapaja ilipasuka. Dada aliacha kuniita leki. Aliniita “mama ya labo”, kama walivyoniita wengine, na aliponikabidhi mkono wa mtoto aliugeuza yeye mwenyewe upande wa mshipa, haraka, kama mtu anayemalizia kazi.

Kisha mtoto wa yule mama wa pembeni akafa. Alikufa asubuhi, wakati vijiko vilikuwa vinalia upande wa pili. Mama yake alimfunga katika kikwembe na kuketi naye sakafuni akingoja mume wake afike. Kwetu mwanamke aliyefiwa haketi peke yake hata kwa muda wa kuchemsha maji. Wanawake wa kushoto walimzunguka. Kutoka kulia hakuja mtu. Waliogopa kuonekana upande usio wao, waliogopa kwa ajili ya watoto wao, na kila mmoja alikuwa na haki. Nilisimama kwenye pengo la mikeka nikawaona wameketi vitandani, wakitazama mikono yao. Mke wa mvuvi alikuwa analia bila sauti, yeye ambaye sauti yake ilishinda maporomoko, lakini hakuinuka.

Haukupita muda mrefu, daktari alitoka chumba cha nyuma akitembea haraka. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyepokea habari ya kuzaliwa kwa mwanawe. Safu ya kulia ilikuwa imepanda, ya kushoto imeshuka, na katikati palikuwa na nafasi ambayo hata mtoto angeiona. Alimpa mkono msaidizi mkuu. Alinipa mkono mimi. “Sasa tunaona!” akasema. Kazi ilipangwa iendelee zaidi, lakini alitimiza ahadi: mchana ule makopo yalifunguliwa kwa wote na mikeka ikang'olewa.

Nimeisoma makala waliyoichapisha, miaka mingi baadaye. Hakuna uongo ndani yake. Wiki zile ambazo makopo yalivuka ukumbi zimetajwa kwa nusu ya sentensi, kwamba majibu yake yameachwa kwa sababu utaratibu haukufuatwa.

Binti ya dada yangu alipona. Naandika neno hilo na moyo wangu unashukuru, kwa maana alikuwa ukingoni kabisa, na maziwa yalimrudisha kama daktari alivyotumaini. Maji yalimtoka mwilini kwa siku chache, akabaki mwembamba kama kijiti, kisha nyama ikaanza kurudi. Alicheka kwa mara ya kwanza siku ambayo tai ya msaidizi mkuu ilitumbukia ndani ya beseni la maji. Kila aliyeona alisimama kumtazama mtoto, na mwenye tai mwenyewe aliitumbukiza tena makusudi.

Lakini mikeka ilikuwa imeng'olewa sakafuni tu. Kila mama sasa alikuwa na kopo lake lililojaa, hapakuwa na sababu ya kuogopa, na bado muuguzi alipogawa waligeuka, kila mmoja akaelekea ukuta wake. Mwanamke mmoja alifika akiwa na mtoto aliyevimba wakati idadi ya watoto wa ukumbi ilikwisha kutimia. Alingoja kizingitini nusu ya asubuhi, na hakuna aliyemwita alete kopo. Mimi ndiye niliyempeleka kwa sista.

Kabla hawajaruhusiwa kwenda, mke wa mvuvi alivuka ukumbi. Alikuwa na samaki mkubwa wa moshi aliyefungwa kwa majani, akamweka kwenye mguu wa kitanda cha dada.

“Mama ya Yanonge, nimekuletea kitoweo.”

“Monganga amekubali?” dada akauliza, akimaanisha daktari.

“Usiseme vile. Wangemutosha mutoto yangu mu safu ya maziwa.”

“Najua,” dada akasema. Hakuwa na hasira; angekuwa nayo, ingekuwa afadhali. “Hata mimi ningefanya vile vile. Ni juu ya ile sitaki samaki yako.”

Mwanamke yule akambeba mwanawe akaenda zake. Samaki alibaki pale mpaka mfagiaji alipouliza kama ni wa mtu.

Noeli ya mwaka ule nilipanda mtumbwi kwenda Yanonge kuwaona. Dada alikuwa amejifungua mvulana. Tulirudi kutoka misa, na mama mkwe wake alikuwa amepika kwa ajili ya ua wote; sinia la watoto lilikuwa uwanjani na watoto wa shemeji zake wamelizunguka, mikono imeoshwa. Binti hakuwamo. Mlango wa dada ulikuwa umefungwa, mchana kweupe. Mama mkwe alinishika mkono kabla sijaukaribia.

“Mulimufanya nini kule labo?”

“Amepona, mama. Si unamwona anavyokimbia?”

“Mutoto, ndiyo, namuona. Mimi naongea juu ya mama yake.” Akautazama mlango ule, kisha akatazama chini. “Watu wameanza kuuliza anamulisha nini mule ndani.”

Nilijua maana ya swali hilo, na nilijua mahali linapoishia katika vijiji vyetu. Niliingia. Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda, mtoto mchanga kifuani, binti amesimama kati ya magoti yake. Kwenye sahani palikuwa na yai na kipande cha samaki kilichotolewa miiba kwa uangalifu.

“Yaya, wenzake wako nje wanakula.”

“Wakule.”

“Kula kwenu ni kwa pamoja. Watu watakuita mlozi.”

“Waniite.” Alitia samaki kinywani mwa binti. “Ule mama aligawa, na ule mama hakugawa, umeona tofauti yao ya mwisho? Mimi sikuona. Niliona tu mutoto gani alikunywa.”

“Ule ulikuwa wakati wa maabara. Hapa ni nyumbani.”

“Ni wewe ulitusomea sheria,” akasema. “Na ulisoma muzuri. Nilisikia yote.”

Nilikuwa nimesoma vitabu kadhaa kufikia umri ule, na nimekwisha kuwaonya watu wengi tangu hapo, darasani na nje ya darasa, juu ya choyo na upendo wa jirani. Siku ile niliketi tu sakafuni, kando ya kigoda. Nje, watoto walimwita binti kwa kelele, sinia lilikuwa karibu kwisha, na yeye alianza kuvuta mkono ili akimbie, mashavu yamejaa. Dada alimshika kifundo cha mkono.

“Meza kwanza.”

Mtoto alitafuna haraka, akameza, kisha bila kuambiwa akainua uso na kufungua kinywa wazi mbele ya mama yake, akatoa ulimi, akauinua, ili ionekane kwamba hakuna kilichobaki cha kuwapelekea wenzake. Dada alitazama ndani ya kinywa, kulia, kisha kushoto. Ndipo akamwachia.